Mke wa Manju Hageuki

Nilimwona kwa mara ya kwanza mikono yangu ikiwa na unga. Nilikuwa nasonga ugali wa mchana, simu nimeiegemeza kwenye kopo la chumvi, inapiga wimbo wa mume wangu. Wimbo ukaisha. Sikuwa na mkono wa kuizima, nikaiacha. Ikazungusha kile kiduara chake, kisha akatokea mwanaume mwingine. Mrefu, mwembamba, kavaa njuga miguuni na fulana ya mpira iliyopauka. Nyuma yake vumbi na watu. Akafungua mdomo, na mimi nikaijua sauti ile kabla sijajua mwenyewe ni nani.

Niliijua kwa kisogo. Miaka yote ya ndoa yangu sauti ile imekuwa ikitokea nyuma yangu, ng'ambo ya kiwanja, huku watu waliosimama karibu nami wakiondoka mmoja mmoja kuifuata. Leo nilikuwa naitazama usoni, jikoni kwangu, na mwiko mkononi.

Ugali uliungua. Mume wangu aliula hivyo hivyo, huku akinitazama.

Inabidi nieleze, maana asiyetoka huku hataona kwa nini mwanamke mzima atetemeke kwa sababu ya video. Kwetu Simiyu, pamba ikishauzwa na mahindi yakishaingia ghalani, ni wakati wa ngoma za mashindano. Manju wawili, yaani watunzi na waimbaji wakuu wa ngoma, wanakutana kwenye kiwanja kimoja. Mmoja anashika mwisho huu, mwingine mwisho ule, na wote wawili wanaimba kwa wakati mmoja. Hakuna alama, hakuna jaji mwenye karatasi. Watu wanasimama wanapotaka, na wakiona upande wa pili ni mtamu zaidi, wanatembea kwenda huko. Tunasema wamehama. Jua likielekea kuzama, wazee wa ngoma wanatazama tu watu wako wapi. Aliyejaa ndiye mshindi. Aliyeshindwa anabaki na wapiga ngoma wake na mkewe.

Mkewe huyo nilikuwa mimi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimestaafu, na kanisani nakaa benchi la pili. Watu waliniuliza sana ilikuwaje mwalimu akaolewa na manju, na jibu langu lilikuwa kwamba nami ningependa kujua. Mwaka wa kwanza wa ndoa, kabla ya ngoma ya kwanza, mama mkwe wangu alinishika mabega akanisimamisha mbele ya mume wangu, uso kwa uso, kama anayepanga samani. "Hapa ndipo pako," alisema. "Unamtazama mumeo. Kule kwa mwenzake usigeuke, hata waseme kuna simba. Mke wa manju akigeuka, watu wote watageuka." Niliona ni upuuzi. Lakini nilikuwa mgeni katika ukoo, na mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kubishana naye, kwa hiyo nilisimama. Nikaendelea kusimama hivyo mpaka yeye akafa, na baada ya kufa kwake sikujua ni nani angenipa ruhusa ya kuacha.

Mume wangu aliwashinda wengi. Alimshinda wa Maswa, akamshinda yule wa Binza aliyekuwa akijisifu mpaka redioni. Lakini huyu mwembamba, anayetokea upande wa Mwanhuzi kwenye nchi kavu ya ng'ombe, hakuwahi kumshinda hata siku moja. Kila walipokutana, ilikuwa vilevile. Mchana watu wanajaa kwetu, kwa sababu mume wangu ana mwanzo mzuri. Kisha wanaanza kuchungulia nyuma. Kisha wanahama. Nilikuwa nawaona wakipunguka pembeni mwa macho yangu, shangazi, majirani, hata wazazi wa wanafunzi wangu, wanapita wakijifanya hawanioni. Nami sikuweza kugeuka kuona ni kitu gani kinawavuta. Ngoma zetu zilikuwa zikinifunika, sikushika hata neno moja la nyimbo zake.

Tukirudi nyumbani mume wangu hakulalamika. Aliosha miguu, akakaa. Sentensi yake ilikuwa moja kila msimu: "Mwalimu, nataka kiwanja kihame kije kwangu. Mara moja tu. Kutoka kwa yule. Nikishakipata hicho, nitapumzika." Magoti yake yalishaanza kumsumbua. Nilijua kwamba misimu iliyobaki si mingi, na niliumia, ingawa mdomoni nilimwambia aache utoto.

Basi binti yetu, mwenye saluni Bariadi mjini karibu na stendi, akaja nyumbani na rafiki yake mwenye kamera. Akasema nyimbo za asili sasa zinatazamwa sana mtandaoni, baba naye arekodi. Mume wangu alisikiliza vizuri, kisha akauliza swali lililonifanya nitoke nje nikacheke.

"Kiwanja chake kiko wapi?"

"Hakina kiwanja, baba. Ni mtandao."

"Watu wanasimama wapi?"

"Kila mtu yuko kwake."

"Nitajuaje wamehama?"

Binti akafikiri. "Kuna namba chini. Inaonyesha waliotazama."

Hapo alikubali. Tatizo likabaki moja, nalo lilikuwa kubwa. Manju huku hasimami kiwanjani hivi hivi. Kuna dawa ya mvuto, na dawa hiyo hufukiwa ardhini pale ngoma zinapowekwa, ili miguu ya watu iikanyage. Sasa kama hakuna ardhi, inafukiwa wapi? Mume wangu alizunguka na swali hilo tangu asubuhi. Nilimwambia kama Mungu amempa sauti, sauti inatosha. Baadaye nikasikia harufu, nikaenda nyuma ya nyumba, nikamkuta amechutama juu ya kigae chenye makaa, ameshika simu ya binti yake kwa kitambaa, anaifukiza moshi mbele na nyuma kwa uangalifu mkubwa, kama anayekausha kitenge cha mtoto.

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia mambo ambayo mwalimu hapaswi kuyasema. Binti alilia kwamba simu itaharibika. Simu haikuharibika, ila ilinuka mizizi mwezi mzima, na wateja wake wa saluni walikuwa wakiuliza kama kuna mtu anapika nyuma ya pazia.

Video ikawekwa. Hapo ndipo mimi nilipoanza kuchanganyikiwa, na sijatoka huko hadi leo.

Mwanzoni walitazama ndugu. Tulijua, kwa sababu wote walipiga simu kusema wametazama. Kisha namba ile ikaanza kukimbia bila ndugu. Binti alikuwa akinipigia kutoka saluni anapiga kelele, na mimi nauliza ni akina nani hao, naye anasema hajui. Nikataka kusoma maoni yao. Mtu wa Mtwara aliandika: "Sielewi hata neno moja lakini nimerudia tangu asubuhi." Mtu mwingine alisema wimbo huo unamkumbusha marehemu mama yake, na alipoulizwa kama mama yake alikuwa Msukuma, akajibu hapana, ni Mngoni. Mwingine alisema anaishi ughaibuni, anausikiliza akiendesha gari kwenye theluji. Wimbo wenyewe ni wa kumsema jirani yetu mmoja aliyekataa kurudisha jembe la kukokotwa na ng'ombe. Jirani huyo yupo, na jembe bado liko kwake. Sasa mtu wa kwenye theluji anataka nini na jembe la watu?

Nilimwuliza mume wangu anafikiri ni kwa nini. Alisema ni ule moshi. Nilimwuliza binti, akasema ni picha nzuri na kichwa cha habari alichokiandika yeye. Katekista wetu alisema ni kipaji. Kila mmoja alikuwa na uhakika, mimi peke yangu sikuwa nao. Kwa ukweli ningependa iwe kipaji, lakini kipaji hicho kilikuwepo miaka yote, kiwanjani, kwenye jua, na watu walikuwa wakikiacha wanatembea zao.

Umaarufu ulikuja kwa namna ya ajabu. Tulikwenda Bariadi sokoni kununua mbegu, na dereva wa bodaboda aliyetubeba alikuwa akipiga wimbo wa mume wangu kwa sauti kubwa. Mume wangu alikuwa amekaa nyuma yake, tumbo limegusa mgongo wa kijana yule. Hakujitambulisha. Tuliposhuka nikamwuliza kwa nini amenyamaza. "Angesema nini?" alisema. "Angeniambia shuka nipige picha." Kumbe ilishamtokea. Watu walikuwa wakimsimamisha njiani, wanamkumbatia shingo, wanatazama simu zao badala ya kumtazama yeye, kisha wanaondoka bila hata kusema mwadila, salamu yetu ya Kisukuma.

Akaalikwa kwenye harusi Nyashimo, kule barabarani Busega. Walimpeleka kwa gari. Aliporudi alikaa akaosha miguu kama siku za kushindwa.

"Walikuwa wengi?" nilimwuliza.

"Wengi sana."

"Walicheza?"

"Walishika simu." Akanyoosha mkono mbele ya uso wake kunionyesha. "Hivi. Wote hivi. Hakuna aliyehama, hakuna aliyekuja. Niliimba nikaona mikono tu."

Sasa nirudi kwa yule mwembamba. Siku ile ya ugali nilimwambia binti kwamba baada ya wimbo wa baba yake kuna mtu anaingia bila hodi. Akacheka. Akasema ndivyo mtandao unavyofanya. Ukiona mtu amependa hiki, unampelekea kinachofanana. Anayemtazama baba analetewa yule, na anayemtazama yule analetewa baba. "Ndiyo maana wote wawili wamepanda, mama. Wanabebana."

Alilisema hilo mbele ya baba yake. Nilimkonyeza, akachelewa kuniona.

Mume wangu aliweka kikombe chini. "Kwa hiyo mtu akimaliza kunisikiliza mimi, wanamtoa kwangu, wanampeleka kwake?"

"Si kumtoa, baba..."

"Anasikiliza nani wakati huo?"

"Yule."

"Basi amehama." Akasimama. "Huyo mtandao ni nani? Yuko wapi?"

"Si mtu, baba."

"Kama si mtu, anajuaje kwamba mimi na yule tunafanana?"

Nilitamani kusikia jibu, kwa sababu swali lile lilikuwa zuri kuliko yote niliyoyasikia kuhusu mambo hayo. Jioni hiyo ikatoka amri ya nyumba. Wimbo wa baba ukikaribia kuisha, simu inazimwa. Asiwepo mtu wa nyumba hii wa kumtazama yule, hata kwa bahati mbaya, maana namba yake itapanda kwa macho yetu. Mke wa manju hageuki, na simu nayo isigeuke.

Niliitii amri hiyo mbele ya watu. Nikiwa peke yangu sikuitii hata kidogo. Jamani, nilisimama miaka yote hiyo nimempa mtu kisogo, leo amekuja mwenyewe mpaka kwenye kopo langu la chumvi, mimi nifumbe macho? Nilimtazama. Nilimtazama nikichambua mchicha, nikikunja nguo. Nikaelewa kilichokuwa kinawavuta watu, na kuelewa huko kuliniuma. Mume wangu anaimba vizuri, lakini anaimba kama anayedai. Yule mwembamba anaimba kama anayetania jirani juu ya uzio, na kila mtu anataka kuwa karibu asikie utani wenyewe.

Utani wenyewe ulinihusu mimi.

Sikujua! Manju wanapopambana hutukanana kwa nyimbo, hilo nalijua, ndiyo kazi. Kwamba wimbo mkubwa wa yule mwembamba, ule unaotazamwa kuliko zote, unaanza kwa kusema sauti ya mume wangu huazimwa msimu wa mtama kufukuza ndege, sawa, hata mimi nimewahi kumwambia. Lakini kiitikio chake, nikikiweka kwa Kiswahili, ni hivi: Mwalimu ameangalia ubao, anaandika, anaandika, darasa zima limekimbia. Mwalimu, geuka! Geuka uone darasa lako!

Na watu wote nyuma yake wanaitikia: Geuka!

Nilisimamisha video nikakaa chini. Kwa hiyo msimu baada ya msimu, watu wote wale waliohama walikwenda kule kuimba habari za mgongo wangu. Walikuwa wakinitazama na kunicheka, na mimi ndiye pekee kiwanjani nisiyejua. Nilikasirika mpaka machozi. Kisha nikaupiga tena, kwa sababu ulikuwa mtamu. Kisha nikacheka, peke yangu, nimeshika magoti. Nilikuwa nimekasirika na nimependa kwa wakati mmoja, na sikuwa na wa kumweleza. Mume wangu hakuwa karibu. Siku hizo alikuwa amezoea kuchukua simu yake mchana na kupanda kule kwenye mawe nyuma ya zizi, akisema huko mtandao unashika vizuri zaidi. Alikuwa akikaa muda mrefu. Nilidhani anatazama namba yake ikipanda.

Chini ya video hizo watu waligombana. Wengine walisema wa Bariadi ndiye mkali, wengine wa Mwanhuzi, na waliokuwa wakali zaidi ni wale ambao hawajawahi kukanyaga Simiyu. Wakaanza kudai pambano. Pambano, pambano, kila siku. Mfanyabiashara mmoja wa pamba akaona faida yake, akatafuta kiwanja njia ya Maswa, akawapigia wote wawili. Mume wangu alikubali kabla hajamaliza kusikiliza.

"Hii ndiyo ya mwisho, Mwalimu," aliniambia. "Magoti hayataki tena. Kiwanja kikihama siku hiyo, nimemaliza."

Sijawahi kuona watu wengi vile. Magari yalitoka Mwanza, yalitoka Shinyanga, wasichana wamevaa miwani ya jua, vijana wana vijiti vya kushikilia simu. Umaarufu ule wa mtandaoni, ambao mimi nilikuwa nauona kama moshi tu, ulikuwa umeota miguu ukaja kusimama kiwanjani. Mume wangu alifukia dawa yake ardhini kama zamani, nami nikatazama pembeni. Nikasimama mahali pangu. Nyuma yangu, mbali, nikasikia ngoma za yule zikipashwa moto.

Wakaanza. Mume wangu aliimba vizuri kuliko siku zote nilizomfahamu. Watu walijaa, wakanyoosha mikono yenye simu, wakatulia. Hawakucheza, hawakuhama. Walisimama pale waliposimama tangu mwanzo, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba upande ule mwingine atautazama nyumbani. Niliwaona wazee wa ngoma wakinong'onezana. Watapimaje? Kiwanja kilikuwa kimeganda, na niliona uso wa mume wangu ukiingiwa na wasiwasi.

Lakini kulikuwa na jambo jingine. Nilikuwa nasikia ngoma za yule, nasikia njuga zake, sisikii sauti. Nikadhani ni masikio yangu. Kisha watu wakaanza kuja. Wachache kwanza, halafu mkondo, wanatoka nyuma yangu na kupita pembeni yangu kuelekea kwa mume wangu. Nilikuwa nimezoea kuona nyuso zikinipita kwenda nyuma, leo ilikuwa migongo ikienda mbele. Mmoja alimwambia mwenzake, akinipita: "Hana sauti bwana, koo limekufa. Anafungua mdomo tu. Utarekodi nini hapo?"

Baadaye tulisikia kwamba aliugua koo muda mrefu, na kwamba video zile zote zilizokuwa zikizunguka zilikuwa za kabla hajaugua. Alikuja hivyo hivyo. Alikuja kwa sababu pambano likitangazwa, manju haombi udhuru.

Kiwanja kikahama chote. Nilisikia vumbi puani. Watu walinisukuma mpaka nikakaribia kumgusa mume wangu, na vigelegele vikapanda, na wazee wa ngoma walikuwa wanakuja kwa mwendo wao wa pole kutamka kile alichokisubiri maisha yake yote. Nilikuwa nalia. Nilimtazama nione furaha yake.

Mume wangu alikuwa hatazami watu. Alikuwa anatazama juu ya vichwa vyao, mbali, kule kulikobaki tupu. Akainua mkono. Wapiga ngoma wetu wakanyamaza, na katika kimya hicho tukazisikia ngoma za yule, bado zinapiga, na njuga zake bado zinacheza, bila wimbo.

Kisha mume wangu akaimba. Akaufuata mdundo wa ngoma zile za mbali, akaimba kwamba sauti yake huazimwa msimu wa mtama kufukuza ndege. Watu hawakuelewa mara moja. Mimi nilielewa kabla ya wote. Alikuwa anauimba wimbo wa yule. Aliuimba bila kukosea hata neno moja, na matusi yake yote, anajitukana mwenyewe kwa sauti kubwa mbele ya halaiki, na anatania. Hakuwa anadai tena. Hapo ndipo nilipoyakumbuka mawe ya nyuma ya zizi, na mtandao unaoshika vizuri zaidi, na amri ya nyumba! Mzee mzima! Yeye naye hakuwahi kumsikia yule, kwa sababu siku zote walikuwa wakiimba kwa wakati mmoja. Simu ndiyo iliyowakutanisha, naye akaenda kujificha na ng'ombe kumsikiliza.

Video ya siku ile ipo mtandaoni na imezipita zote. Binti yangu hadi leo hajajua aandike jina la nani juu yake. Watu wanagombana hapo chini nani alishinda. Wazee wa ngoma walifika mbele ya mume wangu, wakasimama, wakashindwa kutamka, wakarudi kukaa. Nimemwuliza mwenyewe kwa nini alikitupa kitu alichokitaka miaka yote, kikiwa tayari mkononi. Ameniambia hajui. Nilimfokea. Nikamwambia mimi ndiye niliyesimama, siyo yeye. Akasema, "Ndiyo," akaendelea kuosha miguu.

Lakini video hiyo haionyeshi kila kitu, kwa sababu simu zote zilikuwa zinamtazama yeye.

Alifika kwenye kiitikio. Mwalimu ameangalia ubao, anaandika, anaandika. Alikuwa ananitazama machoni. Mwalimu, geuka! Na umati wote, ambao uliujua wimbo huo kwa simu, ukaitikia: Geuka! Sijui kama alikuwa anaimba tu au ananiambia mimi. Sijui kama mama mkwe wangu angenisamehe. Niligeuka.

Kiwanja kilikuwa kikubwa na kitupu mpaka kule mwisho. Nilimwona yule mwembamba, mdogo kuliko kwenye simu, mdomo wazi, anacheza kwa kufuata sauti ya mume wangu. Na mbele yake, peke yake, nikaona mgongo wa mwanamke. Amevaa kitenge cha bluu, kasimama wima, uso kaelekeza kwa mumewe, hageuki.

Kwenye video zao zote sikuwahi kumwona. Kamera husimama pale anaposimama yeye. Miaka yote nilipokuwa nimempa kisogo, naye alikuwa amenipa kisogo, na hakuna aliyetuambia.

Basi siku watu wote walipohamia kwa mume wangu, mimi ndiye niliyeondoka. Nilitembea kiwanja kizima, ambacho sikuwahi kukivuka, nikasimama ubavuni kwake nikatazama anakotazama. Alikuwa na umri wangu. Jasho lilimteremka shingoni na alikuwa anapiga makofi polepole, kufuata ngoma.

"Mwadila, mayu," nilimsalimia, nikimwita mama kwa Kisukuma.

"Mwadila," alijibu. Hakunitazama. Akapiga makofi kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, swali ambalo mimi nilitamani kumwuliza mtu miaka yote na sikuwa na wa kumwuliza.

"Nyuma yetu wapo?"

Niligeuza shingo. Nyasi zilikuwa zimelala chini kwa kukanyagwa, na hapakuwa na mtu.

"Wapo," nilimwambia. "Wamejaa."

Akaitikia kwa kichwa, akaongeza makofi, nami nikaanza kupiga pamoja naye.